Ruta imenyamaza, haijafa: nyaya tatu za konsoli kabla ya OpenWrt

Jirani yangu wa Katuba, hapa Lubumbashi, alinigongea mlango jioni moja ya Februari, ruta mkononi, imefungwa ndani ya mfuko mweusi wa sokoni. “Papa, ilikufa,” akasema. “Bana baliichezea.” Mwanawe mkubwa alikuwa ameanza kuiwekea OpenWrt, mfumo huria wa Linux wa kuendesha ruta, kupitia ukurasa wa mipangilio. Upau ukafika nusu, umeme wa mtaa ukaondoka. Uliporudi, taa moja tu iliwaka, Wi-Fi haikuonekana tena, na anwani 192.168.0.1 haikujibu. Nikamwambia, “Mama, tusiizike kabla hatujaisikia.” Saa moja baadaye ilikuwa inaandika maneno kwenye skrini yangu na kusema yenyewe mahali ilipoumia.

Mwongozo huu ni wa kazi hiyo. Unamfaa pia mwenye ruta nzima anayetaka kubadilisha programu dhibiti, na hata zaidi huyo. Katika mji kama Lubumbashi, ambapo umeme hauagi ukiondoka, mimi siandiki chochote ndani ya ruta kabla sijapata konsoli yake, yaani nyaya za kusoma inachosema na kuiandikia amri. Wengi huitafuta baada ya maafa, mikono ikitetemeka.

Kinachosikika ni nini

Ruta ni kompyuta ndogo. Tangu sekunde ya kwanza inajisimulia: nimeamka, RAM yangu ni kiasi hiki, ninasoma mfumo kutoka mahali fulani. Simulizi hiyo hutoka kwenye pini moja ya ubao, biti moja baada ya nyingine, ndiyo maana tunaiita konsoli ya seriali. Kwa kawaida pini ziko nne. TX inasema, RX inasikia, GND ndiyo ile mafundi wetu wanaita masi, na VCC ni umeme wa ubao. Utaunga tatu. VCC iache kabisa: ruta inatumia chaja yake, adapta inatumia USB, na vyanzo viwili vya umeme vikikutana kwenye pini moja, kimoja kinaweza kuungua.

Kumbukumbu ya flashi nayo imegawanywa vyumba. Chumba cha kwanza kina butiloda, mara nyingi U-Boot, programu ndogo inayoamka kabla ya zote. Kinachofuata kina mfumo wenyewe, yaani keneli (kiini cha Linux) na mafaili yake. Mahali pengine, mara nyingi mwishoni, pana chumba kidogo chenye vipimo vya redio ya Wi-Fi vilivyopigwa kiwandani kwa ruta ile moja peke yake. Ukibadilisha programu kwa ukurasa wa mipangilio, kwa kawaida ni chumba cha mfumo tu kinachoguswa. Kwa hiyo ruta “iliyokufa” katikati ya kazi hiyo, mara nyingi butiloda yake bado ni nzima na inasubiri mtu wa kuongea nayo.

Kabla ya kufungua kitu

Geuza ruta usome kibandiko. Jina la modeli halitoshi, tafuta na toleo lake: v2, v5, v14. Ruta mbili zenye jina moja na matoleo tofauti zinaweza kuwa na vichakataji visivyofanana hata kidogo, na faili la moja likaiua nyingine. Kisha angalia orodha ya vifaa ya mradi wa OpenWrt. Ukikuta flashi ya MB 4 na RAM ya MB 32, kama zilivyo TL-WR841N nyingi zilizojaa mitaani kwetu, usijisumbue: matoleo ya sasa hayaingii humo. Tafuta yenye MB 16 na 128 ukiweza. Archer C7 v2 ni mfano mzuri, na bado inapatikana kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika. Visanduku vya 4G vinavyouzwa pamoja na laini vingi vimefungwa au havimo kwenye orodha. Hakikisha kwanza, usije ukafungua kitu kwa bure.

Mradi wenyewe ulianza mwaka 2004, baada ya Linksys kutoa hadharani msimbo wa WRT54G, kwa sababu ndani yake mlikuwa na Linux na leseni ya Linux inadai hivyo. Basi hatuibi kitu cha mtu.

Adapta

Unahitaji adapta ya USB kwenda seriali ya volti 3.3. Wauzaji wengi hawaijui kwa jina hilo. Waonyeshe picha, au uliza ile wanafunzi wanayotumia kuprogramia vibao vya Arduino visivyo na USB. Chipu ya CP2102 au CH340 inatosha. FT232 ni nzuri ikiwa halisi, lakini za bandia zimejaa, na mwaka 2014 draiva ya FTDI yenyewe kwenye Windows ilizizima nyingi. PL2303 za zamani au za bandia Windows mpya huzikataa; kwenye Linux kwa kawaida zinafanya kazi. Kama droo yako bado ina kebo ya data ya simu za zamani za Nokia, ile CA-42, usiitupe: nyingi za kuigwa zina chipu ya PL2303 ndani, na ukikata kichwa chake unapata nyaya unazozitaka.

Usitumie kebo ya seriali ya kompyuta za mezani za zamani, yenye tundu la pini tisa. Hiyo ni RS-232, volti zake hupanda hadi kumi na zaidi na kushuka chini ya sifuri. Itaunguza kichakataji papo hapo.

Adapta ikifika, usiiamini. Iweke kwenye laptopu peke yake, shika multimeta, waya mweusi kwenye GND, mwekundu kwenye TX. Ikiwa kimya, TX hukaa juu: utasoma karibu 3.3 au karibu 5. Ukisoma 5, tafuta jampa (kiungo kidogo cha kuchomeka kwenye pini) au swichi ndogo ya kuishusha. Ikikosekana, adapta hiyo siyo ya kazi hii. Baada ya hapo unga TX yake na RX yake yenyewe kwa waya mmoja, fungua terminali (naieleza hapa chini), andika. Herufi zikirudi kwenye skrini, adapta ni nzima. Jaribio hili la dakika mbili limeniokoa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote hapa, kwa sababu baadaye ruta ikinyamaza, najua wa kulaumiwa siyo adapta.

Kufungua na kuzitafuta pini

Chomoa ruta. Skrubu mara nyingi zimejificha chini ya miguu ya mpira au chini ya kibandiko. Zikitoka, kasha bado litashikwa na kulabu za plastiki. Ingiza kadi ya zamani ya benki pembeni, usiingize bisibisi, itaacha makovu. Kama ni Juni au Julai, asubuhi ile ya baridi kavu na sweta la sufu, gusa kwanza bomba au chuma kikubwa. Hewa ikiwa kavu hivyo, cheche ya kidole inatosha kuua chipu.

Ndani tafuta vitundu vinne, wakati mwingine vitano au sita, vilivyopangwa mstari mmoja. Ukiwa na bahati utaona TX, RX, GND na VCC zimeandikwa kando. Bila bahati utaona J1 au JP1 tu, au hakuna maandishi. Hapo multimeta ndiyo itakayokuambia.

Anza na masi, ruta ikiwa haina umeme. Weka multimeta kwenye mlio. Ncha moja iguse kasha la chuma la matundu ya kebo za mtandao, au upande wa nje wa tundu la chaja ikiwa matundu hayo ni ya plastiki. Ncha nyingine ipite kwenye vitundu kimoja kimoja. Kinacholia ni GND.

Sasa washa ruta, weka multimeta kwenye volti za DC, ncha nyeusi ibaki kwenye GND. Kitundu chenye 3.3 isiyotikisika tangu mwanzo hadi mwisho huenda ni VCC. Kitundu ambacho namba yake inacheza wakati ruta inaamka, inashuka hadi mbili na kitu, inarudi juu, inashuka tena, hicho ni TX: kucheza kwake ndiko kusema kwake. Multimeta haiwezi kufuata kila biti, inakuonyesha wastani tu. Zima, washa, tazama tena. Mchezo huo uko kwenye sekunde za kwanza tu, ukichelewa hutauona. Kilichobaki, kimetulia juu au chini, kwa kawaida ni RX. Ukikuta volti 1.8 badala ya 3.3, simama. Baadhi ya vichakataji vipya vinaongea kwa sauti hiyo ndogo na vinahitaji adapta yao.

Ukiwa na shaka kati ya TX na VCC, unga nyaya mbili tu: GND kwa GND, na kitundu unachodhani ni TX kwa RX ya adapta, basi. Kusikiliza hakudhuru. Waya wa tatu utaongeza ukishaona maneno.

Kuunga

Kulehemu safu ya pini ni bora, na kama mkono wako hauna mazoea, fundi wa simu yeyote wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, atakufanyia wakati unasubiri. Mwambie asishikilie moto muda mrefu, vitundu vya ubao wa ruta huinuka haraka. Kwa kazi ya mara moja, mimi hupitisha pini zilizopinda kidogo ndani ya vitundu na kuzibana kwa mpira wa kufungia noti. Zinashika vya kutosha.

GND kwa GND. TX ya ruta kwa RX ya adapta, RX ya ruta kwa TX ya adapta, kwa sababu anayesema lazima amkute anayesikia. Laptopu itumie betri yake, chaja uitoe: chaja nyingi zisizo na waya wa ardhi huvujisha umeme kidogo, ule unaowasha kidole ukigusa kasha la chuma, na njia yake ya kutokea itakuwa pini zako.

Terminali

Kwenye Linux ingiza adapta kisha andika:

```
dmesg | tail
picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0
```

Ukikatazwa, jiongeze kwenye kundi la dialout, toka, ingia tena. Kutoka kwenye picocom ni Ctrl-A kisha Ctrl-X. Kwenye Windows tumia PuTTY, chagua Serial, namba ya COM iko kwenye orodha ya vifaa. Mipangilio ni 115200, biti 8, hakuna pariti, biti 1 ya kusimama. Udhibiti wa mtiririko uzimwe kabisa. Ukibaki umewashwa kwenye PuTTY, unaweza kusoma usiweze kuandika, na utadhani RX imekufa. Asiye na laptopu anaweza kutumia simu ya Android, kebo ya OTG na programu ya terminali ya USB. Niliwahi kufanya hivyo gizani kwa tochi ya simu ya pili.

Terminali ikiwa wazi, ndipo uwashe ruta. Siyo kabla.

Alama za ajabu zisizosomeka zikijaa skrini, umefika, kasi tu ndiyo siyo. Jaribu 57600, ambayo ruta nyingi zenye kichakataji cha MediaTek huitumia, kisha 38400, kisha 9600. Zikibaki takataka kwa kila kasi, angalia GND imeshika. Ruta kadhaa za zamani za TP-Link hudai pia kinzani ya kiloomu 10 kati ya TX na VCC ya ubao ndipo zisome vizuri.

Soma kabla ya kugusa

Hapa usiwe na haraka. Acha ruta iamke hadi mwisho au hadi ikwame, nakili kila kitu kwenye faili. Mistari ya kwanza ni ya butiloda: jina la kichakataji, ukubwa wa RAM, ukubwa wa flashi. Linganisha na ulichosoma kwenye orodha. Nimekutana na ruta yenye kibandiko cha toleo moja na ubao wa jingine; aliyeiuza alikuwa amebadilisha kasha.

Ruta ya jirani ilifika hapa ikakwama:

```
Verifying Checksum ... Bad Data CRC
```

Maana yake butiloda ilipima mfumo kabla ya kuuwasha na ikakuta hesabu hailingani. Mfumo uliandikwa nusu, kama ilivyotarajiwa. Habari hii ni njema, kwa sababu aliyetoa ripoti yuko hai. Ukiona Kernel panic na Unable to mount root fs, keneli imeamka lakini haikukuta mafaili yake. Dawa ni ileile. Ikiwa inaamka vizuri hadi mwisho na bado huwezi kuingia, labda ni mipangilio tu. Kama tayari ni OpenWrt, utaona mstari unaokuambia ubonyeze f kisha Enter. Fanya hivyo, halafu:

```
mount_root
firstboot
reboot
```

Inarudi kama ilivyotoka, bila kuandika programu upya. Watu wanapandisha mfumo mzima kwa kosa la neno la siri walilosahau.

Na ikiwa hakuna hata herufi moja, pini umezihakikisha na adapta umeipima, basi huenda butiloda yenyewe imeharibika. Hapo konsoli imefika mwisho wake. Inabaki kuisoma na kuiandika chipu ya flashi moja kwa moja kwa kifaa cha CH341A na kibanio chake, kazi ya siku nyingine.

Kuiwasha kutoka RAM

Butiloda huhesabu sekunde chache kabla ya kuendelea, na huandika Hit any key to stop autoboot. Bonyeza. Ruta nyingi za TP-Link zenye kichakataji cha Atheros hazitaki kitufe chochote, zinataka neno tpl, na zinakupa sekunde moja tu. Mimi huliandika mapema na kulirudia tangu taa inapowaka.

Ukipata kidokezo, yaani mstari unaosubiri amri yako, usiandike kwenye flashi bado. Pakua faili la OpenWrt lenye initramfs kwenye jina lake, la modeli na toleo lako hasa, na ulipime kwa sha256sum dhidi ya namba iliyo kwenye ukurasa wa upakuaji. Kwa intaneti yetu inayokatika katikati ya faili, usiruke hatua hii. Faili hilo huishi ndani ya RAM peke yake. Likikosea, unazima, unawasha, hakuna kilichoharibika.

Laptopu ipe anwani 192.168.1.2, iwashe seva ya TFTP, programu ya kuipa ruta faili kwa kebo ya mtandao (dnsmasq kwenye Linux, Tftpd64 kwenye Windows), kebo iingie kwenye tundu la LAN. Kisha kwenye konsoli:

```
setenv ipaddr 192.168.1.1
setenv serverip 192.168.1.2
tftpboot 0x82000000 initramfs.bin
bootm 0x82000000
```

Anwani ya kumbukumbu ninayoandika hapa ni mfano. Chukua ile ya ukurasa wa modeli yako. Usiandike saveenv, hatutaki kubadilisha kitu cha kudumu. Ikikaa inasubiri bila kupata faili, zima ngome ya moto (firewall) ya laptopu, jaribu tundu jingine la LAN, na ukiwa na swichi ndogo iweke katikati: ruta ikizimwa laptopu huona kebo imetoka na hutupa anwani uliyoipa. Swichi huiondolea wasiwasi huo.

Kuna njia ya mkato kwa baadhi ya ruta. Archer C7 v2 ukiiwasha huku umeshika kitufe cha reset, butiloda yake inaomba yenyewe faili ArcherC7v2_tp_recovery.bin kutoka 192.168.0.66. Hapo hata kulehemu hakuna. Lakini ukikosea hutajua kwa nini, maana huisikii.

Nakala, ndipo kuandika

Initramfs ikiamka uko ndani ya OpenWrt, mtumiaji root bila neno la siri. Andika `cat /proc/mtd` uone vyumba. Kwenye Atheros utakuta u-boot, firmware, na art, ambacho ndicho cha vipimo vya redio. Kwenye MediaTek chumba cha vipimo mara nyingi kinaitwa factory. Toa nakala ya kila kimoja, hiki cha vipimo hasa:

```
cat /dev/mtd0 > /tmp/mtd0.bin
```

na kutoka laptopu:

```
scp -O root@192.168.1.1:/tmp/mtd0.bin .
```

Ile -O ni muhimu: tangu OpenSSH 9.0 ya mwaka 2022, scp hutumia njia ambayo ruta haina. Toa na ufute moja moja kwenye /tmp, RAM isijae. Chumba cha art kikipotea bila nakala, Wi-Fi ya ruta hiyo haitakuwa tena kama ilivyotoka kiwandani, na faili la ruta ya mwenzako haliwezi kukusaidia.

Sasa umeme. Kuandika huchukua dakika chache, hazifikii maji ya bukari (ugali) kuchemka, lakini ndizo dakika zilizoiangusha ruta ya jirani. Wengi wetu tuna betri ya sola nyumbani. Ruta ya volti 12 unaweza kuiunga kwenye kidhibiti kinachotoa 12 iliyotulia, au kwenye UPS ndogo ya ruta. Soma kibandiko kwanza, kuna za volti 9 na za 5. Na kama radi inanguruma, ngoja ipite.

```
sysupgrade -n /tmp/sysupgrade.bin
```

Tumia faili la sysupgrade, na lipime sha256sum yake baada ya kulihamishia kwenye ruta. Kisha ondoa mikono. Konsoli itakuonyesha ikifuta, ikiandika, ikijizima, ikiamka. Mara ya kwanza hukawia kwa sababu inatengeneza chumba cha mipangilio. Kinachoonekana kama kukwama, kipe dakika tano kamili.

Ikiamka, andika `passwd` kabla ya yote. Wi-Fi ya OpenWrt hutoka imezimwa, usishtuke. Iwashe kwenye 192.168.1.1 na uweke nchi uliyopo.

Ruta ya jirani nilimrudishia siku iliyofuata. Pini nilizilehemu na kuziacha, na kabla ya kufunga kasha nikabandika kikaratasi upande wa ndani wa kifuniko: mpangilio wa pini kuanzia upande wa antena, kasi 115200, anwani ya kuwashia, tarehe. Mwanawe aliniomba nakala ya kikaratasi hicho, na namba ya skrubu.